Kiatu cha Mwezini ni cha Kushoto

Tarehe 3 Februari

Kwako mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Mimi babu yako nina miaka themanini na mmoja. Nimewazika madaktari wawili walioniambia niache chumvi. Nimeyaona maduka matatu ya viatu yakifunguliwa mbele ya karakana yangu kwa mbwembwe na kufungwa kimya kimya. Nyundo tano zimeniishia mkononi, mpini na kichwa. Meno yangu yote yametangulia isipokuwa moja, na hilo linajua lenyewe kwa nini limebaki. Nakwambia haya ujue anayekuandikia si mtu wa kuokotwa.

Hali zetu ni njema. Bibi yako mzima, anakusalimu, anauliza kama unakula. Paa la jikoni limevuja, nimeliziba kwa ngozi ya kiatu, sasa linavuja pembeni ya ngozi, si kosa langu. Jirani bado hajambo, bado ana redio yenye kelele.

Sasa nisikilize. Bibi yako kaniambia ulipopiga simu ulimweleza kwamba ofisini kwenu, huko mnakochora ramani za mwezi, mna shimo moja halina jina. Kwamba mashimo yote ya mwezi ni duara kama sahani, lakini hili ni refu, limebanwa katikati, pana mbele, dogo nyuma. Kama soli ya kiatu. Na mnatafuta jina.

Mjukuu wangu, hilo shimo ni langu.

Nililiona mimi kabla mama yako hajaota meno. Mpima ardhi mmoja alituletea mkoba wa ngozi uliokatika mshipi, na ndani ya mkoba kulikuwa na darubini. Akasema anapitia kesho. Kesho hiyo mpaka leo haijafika. Basi jioni tukishafunga kazi, mwezi umetoka na jua halijazama vizuri, tukawa tunakaa uani kwenye ngazi tunaangalia. Ndipo nikaliona. Mimi ni fundi viatu, soli naijua hata gizani. Nikasema, kile ni kiatu, na ni cha kushoto.

Kulikuwa na mtu mwingine pale uani. Simtaji.

Kwa hiyo waambie wakubwa wako jina lipo. Watu wote hapa wananiita Nyundo, hata posta wananijua hivyo. Waandike NYUNDO, kwa herufi kubwa, mimi siko karibu na hiyo ramani.

Ni mimi babu yako,
Nyundo

---

Tarehe 26 Februari

Shikamoo Babu,

Nimefurahi kupata barua yako, na nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nacheka. Mwambie Bibi nakula. Mwambie tena kwamba yule kijana niliyemtaja kwenye simu amekuja nyumbani kwa Mama na mazungumzo yameisha vizuri. Harusi ni mwezi wa kumi. Humu ndani nimeweka karatasi niliyochorea miguu yangu yote miwili, kwa sababu siwezi kuolewa nikiwa nimevaa viatu vya mtu mwingine zaidi yako. Viwe vyeupe, visigino visiwe virefu, bwana harusi mwenyewe atabaki chini.

Kuhusu shimo. Babu, ni kweli lina umbo la soli, na kila anayeingia ofisini akiliona kwenye picha ukutani anainama kutazama kiatu chake. Mkuu wangu wa kazi alisema hadharani kwamba jina likitoka kwa mtu aliyelitazama kwa mapenzi, hata kama si msomi, kamati ya majina italipokea. Kwa hiyo barua yako nimeipeleka.

Lakini lipo sharti moja, na ninaliandika polepole ili usikasirike upesi. Mashimo ya mwezi yanapewa majina ya marehemu tu. Tena awe amefariki miaka isiyopungua mitatu. Mtu aliye hai hawekwi.

Sasa, huyo mwingine aliyekuwa uani ni nani? Ni Babu Gundi?

Mjukuu wako

---

Tarehe 12 Machi

Kwako mjukuu,

Marahaba. Nimepokea karatasi ya miguu. Mguu wa kulia umeuchora umekaa, wa kushoto umeuchora umesimama, naona kidole kimetanuka. Simama uchore tena. Hongera kwa huyo kijana, mwambie asije kwangu na viatu vya plastiki.

Hilo sharti ni bovu. Nani alilitunga? Bila shaka ni mtu aliyekwisha kufa. Mimi nimekaa hai miaka themanini na mmoja kwa juhudi zangu mwenyewe, hakuna aliyenisaidia, halafu leo naambiwa hilo ndilo kosa.

Umeuliza, nitakujibu mara moja tu. Ndiyo, alikuwa Gundi. Kaka yake bibi yako, shemeji yangu, mwenzangu wa karakana. Kila kiatu mimi napiga misumari, yeye anapaka gundi. Mimi namwambia soli bila msumari ni mkate na siagi, yeye ananiambia msumari unamtoboa mteja. Hatukuafikiana hata siku moja na wateja walitupenda. Na siku ile uani, nimesema cha kushoto, akaichukua darubini, akajifanya anatazama sana, akasema, "Shemeji, hicho ni cha kulia." Kwa kunitia uchungu tu. Nikamwambia, "Wewe hata viatu vyako mwenyewe unavivaa kwa kukisia." Akasema, "Navivaa kwa gundi." Tukabishana hivyo mpaka alipokufa, na hata kufa kwake naona alikufa mapema makusudi, ili neno la mwisho liwe lake.

Sasa unataka kuniambia Gundi anafaa na mimi sifai? Kwa sababu yeye alilala na mimi nikaendelea na kazi?

Waulize kama mtu anaweza kuhesabiwa marehemu kwa heshima tu, kama vile wanavyowapa wengine udaktari wa heshima.

Nyundo

---

Tarehe 30 Machi

Kwa mjukuu wa marehemu,

Mimi ni jirani wa babu yako. Hunijui vizuri lakini mimi nakujua, mguu wako wa kushoto umetanuka kidole.

Kwa masikitiko makubwa nakujulisha kwamba yule fundi mashuhuri, Nyundo, hatunaye. Alikufa juzi akiwa mzima wa afya. Hakuugua, hakulalamika, alikufa kwa nguvu zake zote kama kijana. Mtaa mzima umesimama. Watu wanatembea wakitazama viatu vyao na kulia.

Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Ni cha kushoto."

Naomba kamati isichelewe. Kuhusu ile miaka mitatu, marehemu alikuwa na umri mkubwa, basi wamkatie kwenye hiyo.

Mwandiko wangu unafanana na wa marehemu kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuandika. Bibi yako bado hana habari, usimwambie, ana presha.

Wako mwenye majonzi,
Jirani

---

Tarehe 14 Aprili

Shikamoo Jirani,

Pole sana, na asante kwa kuchukua taabu ya kuandika ukiwa na majonzi.

Nimelia. Nilipomaliza kulia nikapeleka barua yako ofisini, na wenzangu wakaguswa, wakachanga, wakaagiza shada la maua kutoka duka la huko huko kwenu. Litafika nyumbani kwa marehemu wakati wowote. Lina utepe.

Kamati inasema miaka mitatu haipunguzwi hata kwa wazee. Wanaomba tu kwamba katika muda huo marehemu asionekane dirishani, asije kwenye harusi yangu, na asimtumie mkuu wa posta barua. Lile jino lake moja naomba likae kwa heshima. Kiti chake kile cha karibu na dirisha, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho, nimemshauri Mama kwamba upewe wewe, Jirani, uhame nacho leo.

Linaloniuma zaidi ni viatu vya harusi. Marehemu alikuwa ameshaanza kuvikata. Sasa itabidi niende dukani. Nimeona jozi moja pale mjini, ya plastiki nyeupe, inang'aa, soli imegundishwa na mashine na haina msumari hata mmoja. Muuzaji ameniambia vinadumu mpaka keki ikatwe. Nitavichukua mwisho wa mwezi, kama hakuna neno.

Kwa huzuni,
Mjukuu wa marehemu

---

Tarehe 22 Aprili

Kwako mjukuu,

Usinunue kitu. Mimi ni mzima. Yule jirani ni mwongo na nimeshamkanya.

Shada limefika. Nilikuwa uani nalowesha ngozi, kwa hiyo aliyefungua mlango ni bibi yako. Yule mleta maua akampa mkono wa pole. Bibi yako akausoma utepe, umeandikwa PUMZIKA FUNDI. Akaja nalo mpaka uani bila kukimbia, akanivalisha shingoni kama ng'ombe wa maonyesho, akanitazama. Nikamwambia, "Mke wangu, ni mambo ya mwezini, hutaelewa." Yeye akaniambia, "Kaka yangu alikufa mara moja tu, na alikufa kweli. Hata hilo nalo unataka umshinde?" Akaingia ndani.

Tangu hapo hajaniongelesha. Chakula anakipakua anakiweka mbele ya shada, na mimi inabidi nijongee nikivizie. Kiti changu cha dirishani amekigeuza kimetazama ukuta. Jirani wa kweli amesikia habari, na sasa kila nikipita anapunguza redio na kuvua kofia. Redio hiyo sijawahi kuisikia ikiwa chini hata wakati wa vita vya maneno na mwenye nyumba.

Viatu naendelea navyo. Nakutumia kwenye kifurushi hiki kiatu kimoja cha kujaribia, hakina soli bado, vaa uniambie kinabana wapi. Bibi yako naye kaingiza kitu kwenye kifurushi, kakishona ndani ya kitambaa, hakutaka nikione. Sikukipapasa. Nilikipapasa kidogo tu, ni kigumu.

Kuhusu shimo, waambie nasubiri.

Nyundo, niliye hai

---

Tarehe 20 Mei

Shikamoo Babu niliyekupoteza nikakupata,

Kiatu kimeingia kama nimezaliwa nacho. Kinabana kidogo kwenye kile kidole, ulivyosema.

Nimefungua kitambaa cha Bibi. Ndani kuna kipande cha ngozi nyeusi, kimekatwa umbo la soli, pana mbele, kimebanwa katikati, kimetobolewa tundu la kutundikia. Nyuma yake kuna alama ya chaki, umbo la mwezi. Nikajua ni mkono wa Babu Gundi, maana ukingo mzima una gundi.

Nilikipeleka ofisini. Tulitoa picha ya shimo kwa ukubwa ule ule wa ngozi, tukaweka juu yake. Babu, inakaa. Kila mkunjo, mpaka pale kwenye kisigino panapojipinda. Watu waliacha chai zao wakaja kutazama. Mkuu wangu wa kazi, mtu ambaye hacheki, aliichukua ile ngozi akaigeuza pande zote mbili, akauliza aliyeikata alitumia chombo gani. Nikasema macho na kisu.

Na sasa nishike moyo nikuambie. Kiatu ni cha kulia.

Usiirarue barua. Darubini kama ile ya mpima ardhi ina kioo ndani, na kioo kile kinageuza kushoto kuwa kulia. Wewe uliona cha kushoto, ni kweli uliona hivyo, lakini mwezini ni cha kulia. Babu Gundi naye aliona cha kushoto kama wewe. Ila alipokaa kukichora, alichora upande wa nyuma wa ngozi, kama mnavyofanya siku zote mkikata, halafu alipokigeuza upande mzuri kikawa cha kulia. Akaamini mkono wake kuliko jicho lake. Kwa hiyo wote wawili mlikosea, lakini yeye alikosea mara mbili, akarudi mahali pake.

Kamati iko tayari kulipa lile shimo jina la Babu Gundi. Kimebaki kitu kimoja. Wanataka maneno kutoka kwa mtu aliyemfahamu marehemu, akieleza alikuwa nani na alitazamaje mwezi. Bibi anasema yeye alikuwa jikoni, hakuwahi kupanda ngazi ile ya uani. Aliyekuwepo ni mmoja tu, na yuko hai.

Wanafunga mwisho wa mwezi wa saba. Yasipofika, shimo litapewa namba.

Mjukuu wako

---

Tarehe 2 Julai

Shikamoo Babu,

Sijapata jibu. Bibi kaniambia kwenye simu kwamba unakula, unafanya kazi, na kwamba darubini umeitoa kabatini ukaisafisha kwa mafuta ya viatu, sasa inanuka lakini inang'aa. Kaniambia pia kwamba jioni unakaa uani, na akipita anakusikia unabishana, na akichungulia hakuna mtu.

Sikulazimishi. Nakukumbusha tarehe tu.

Mjukuu wako

---

Tarehe 19 Julai

Kwako mjukuu, na kwa hao wa kamati,

Marahaba. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Paa la jikoni.

Kwanza hiyo habari ya kioo nimeikagua. Nilimwita jirani, yule wa kweli, nikamsimamisha mwisho wa uani na kiatu kimoja mkononi, cha kushoto, nikamtazama kwa darubini. Kilionekana cha kulia. Nikamwambia akigeuze. Akageuka yeye. Tukafanya hivyo mpaka watu wakaanza kukusanyika. Sawa. Kioo kinageuza. Mimi sikuwa na kosa, darubini ndiyo ilikuwa na kosa, na Gundi alipatia kwa kukosea. Kupatia kwa kukosea si kupatia. Liandikwe hivyo.

Sasa maneno yenyewe mliyoyataka.

Marehemu Gundi alikuwa mtu mrefu kuliko mlango wa karakana na hakujifunza kuinama, kwa hiyo alikuwa na kovu. Alikuwa hodari kwa uzi, mbaya kwa nyundo, na kwa gundi hakuwa na kiasi. Siku moja aliigundisha aproni yake kwenye benchi, na kwa kuwa nilikuwa nimemwonya, hakutaka nijue. Akakaa pale tangu asubuhi, anahudumia wateja ameketi, anawaambia, "Samahani, leo nawapokea kifalme." Nilijua tangu saa tatu. Nikaendelea na misumari yangu. Jioni alisimama na benchi.

Alitazama mwezi kuliko mimi. Mimi nilikuwa natazama kiatu, nikishakiona basi, nakunja. Yeye alikuwa anatazama mwezi wote, hapo ndipo tulipotofautiana. Alikuwa anasema, "Shemeji, aliyevua kiatu hicho alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Mimi namjibu, "Alikuwa anakwenda kwa fundi wa misumari." Anasema, "Na kingine kiko wapi?" Kila mwezi ukikaribia kujaa alikuwa akiniuliza hivyo, kingine kiko wapi, nami nilikuwa namwambia anyamaze alete darubini, zamu yangu.

Alipolazwa mara ya mwisho nilikwenda kumwona. Hakuwa na sauti. Alinionyesha mguu wake wa kulia juu ya shuka, akakunja kidole. Nikamwambia, "Ni cha kushoto." Akatabasamu. Basi.

Kopo lake la gundi bado liko karakana. Mimi gundi situmii, kila mtu anajua. Lakini ikikauka ni hasara, kwa hiyo huwa naongeza petroli kidogo ilainike. Huo ni usafi tu wa mahali pa kazi.

Namthibitisha. Alikuwa fundi wa pili kwa ubora ambaye nimemfahamu. Amekufa kwa uhakika, nilibeba jeneza mwenyewe, upande wa kushoto. Wampe shimo.

Nimefikiri vilevile jambo moja. Akipewa yeye, yeye atakuwa na shimo lakini mimi nitakuwa na macho. Nikipewa mimi nikiwa nimekufa, nani atatoka uani kuniangalia? Bibi yako hapandi ngazi.

Nyundo

Baadaye: Nimemsomea bibi yako barua hii kabla ya kuifunga. Kiti changu amekigeuza, kinatazama tena dirisha.

---

Tarehe 1 Septemba

Shikamoo Babu,

Limepita. Kamati ilisoma maneno yako kwa sauti, na walipofika kwenye benchi mwenyekiti aliomba watu watulie, kisha yeye mwenyewe akatoka nje. Kuanzia sasa, kwenye ramani yetu na zitakazofuata, lile shimo lenye umbo la soli linaitwa Gundi. Nakala ya ramani namtumia Bibi. Ni kubwa, inaweza kuziba paa lakini tafadhali usiizibie.

Sasa angalia vizuri nyuma ya shimo, pale kwenye kisigino. Nimekuzungushia kwa kalamu nyekundu. Kuna kijishimo kingine, kidogo mno, duara, kirefu kwenda chini, kimesimama peke yake katikati ya kisigino kabisa. Ofisini tulikuwa hatukijali, ni kama tundu la msumari. Hakina jina. Nilimwuliza mkuu wa kazi kama tukipe jina sasa. Akaitazama barua yako, akasema hapana, hicho kikae kwanza. Hatuna haraka nacho hata kidogo.

Viatu vimefika, vyote viwili. Ni vizuri mno, Babu. Bwana harusi alipoviona alivua vyake akavificha. Ila nilipovigeuza nikaona misumari yako imepangwa kama meno, halafu nikanusa. Babu, soli hii ina gundi. Harufu yake naijua tangu utotoni.

Harusi ni tarehe ishirini na moja Oktoba. Njoo ukiwa hai.

Mjukuu wako

---

Tarehe 15 Septemba

Kwako mjukuu, mke wangu mdogo unayekwenda kunisaliti,

Marahaba. Hali zetu ni njema. Ramani bibi yako ameitundika juu ya kitanda, upande wake. Nikilala naiona juu chini. Ananiongelesha sasa, kupita kiasi. Shada limenyauka, lakini utepe nimeuhifadhi, utatumika.

Nimekiona hicho kijishimo. Nimekitazama kwenye ramani kwa miwani, na nimekitafuta kwa darubini jioni tatu mfululizo. Sijakiona lakini najua kilipo. Mjukuu wangu, waambie hao wasomi kwamba wamegundua jambo kubwa kuliko wanavyodhani. Kiatu cha mwezini kina msumari. Tena mahali pake hasa, katikati ya kisigino, ninapoupiga mimi. Maana yake tangu mwanzo wa dunia aliyekishona alijua gundi peke yake haitoshi. Miaka yote ile Gundi anabisha, na ushahidi umekaa ndani ya kiatu chake mwenyewe. Jioni hiyo nilipanda ngazi nikamwambia. Hakuwa na la kujibu.

Kuhusu jina la hicho kijishimo, mkuu wako amesema vyema. Mimi pia sina haraka. Nina viatu vya watu vimejaa dirishani na nina harusi ya kwenda. Wakiona nachelewa wavumilie. Nimeshajaribu kufa mara moja na sikupenda chakula chake.

Umesema viatu vina gundi. Hiyo ni harufu tu. Kopo lilikuwa wazi karibu ya benchi, na ngozi nyeupe inavuta harufu, fundi yeyote atakwambia. Wewe cheza harusini utakavyo, soli haitatoka. Haiwezi kutoka. Nimehakikisha kwa njia zote mbili, maana yake misumari mikubwa na misumari midogo.

Na kama kuna mtu huko ofisini ana mashaka na habari hii, yote niliyoyaandika tangu Februari, aje aulize. Bibi yako yupo, atathibitisha, isipokuwa lile la presha. Jirani yupo, yule wa kweli, alishika kiatu mbele ya umati. Yule jirani mwingine amefariki. Na siku chache kabla ya mwezi kujaa, akipanda ngazi yangu ya uani, nitamwazima darubini aulize shahidi mwenyewe. Atamkuta juu kushoto. Gundi atamwambia ni kulia, lakini asimsikilize.

Nyundo